Bobi kutoka Nakuru: Maswali Mnayoniuliza Kila Wiki

Hamjambo watu wangu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, na nyinyi wa Bungoma msiokosa hata video moja. Swali ni lile lile: huyo kijibwa Bobi umemfunza vipi, na mbona unamgharamia mbwa badala ya kutuma nyumbani? Leo najibu yote mawili. Tafadhali nisikilizeni kwanza kabla ya kuandika kwamba naringa, au kwamba nimechoka na Ujerumani. Kazi ninayo na nashukuru.

Nyumbani natuma, na wanaopokea wanajua. Kuna mtu wa ukoo wetu aliandika mbele ya watu wote kwamba mbwa wangu anakula vizuri kuliko mama. Iliniuma, maana mama ndiye aliyemlea Bobi pale Kiamunyi nikihangaikia karatasi, akimchemshia omena bila chumvi. Mama anampenda kuliko anavyonipenda mimi.

Sasa hizo karatasi. Mbwa anayetoka Kenya kuja Umoja wa Ulaya lazima apimwe damu. Anawekwa chipu, kidude chenye namba ya kumtambulisha, chini ya ngozi, anachanjwa kichaa cha mbwa, zinapita siku zisizopungua 30, ndipo anatolewa damu ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, kuona kama chanjo imeshika. Damu ikipita, unangoja miezi 3 tangu siku ilipotolewa. Na chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki! Daktari mmoja, simtaji, alimdunga Bobi sindano kwanza, chipu akaileta baadaye. Tukaanza upya, tukalipa upya, na hakurudisha hata shilingi. Mpaka leo linanikera. Cheti cha afya nacho kisizidi siku 10 unapoingia Ulaya, kwa hivyo safari ikiahirishwa unaweza kujikuta unakitafuta tena.

Hapa Berlin kuna kodi ya mbwa, Yuro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, awe wa kulinda boma au wa kubebwa kwapani. Bima ya kulipia madhara atakayowafanyia watu ni lazima pia. Sitaji ili mnihurumie. Mmeuliza gharama, ndiyo hiyo.

Mafunzo sasa. Haja kwanza: mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na mpeleke mahali pale pale. Akijisaidia, msifu na umpe kipande cha nyama papo hapo. Mkojo ulioukuta umeshakauka, tafadhali usimpige kwa ajili yake. Mbwa haunganishi kiboko cha jioni na jambo la asubuhi. Atakachojifunza ni kukuogopa, kisha atajisaidia nyuma ya kochi ambako humwoni.

Kwa mbwa wadogo, shida kubwa ni sisi wenyewe. Mbwa mkubwa akimrukia mgeni tunashtuka. Mdogo akirukia tunacheka na kumbeba, basi anajua kuruka na kubweka ndiko kunakoleta mapenzi. Bobi akinirukia nageuka, simwangalii wala simsemeshi, mpaka miguu yote minne iwe chini. Hapo ndipo namsalimu, tena kwa furaha. Kila mtu wa nyumba afanye hivyo, hata watoto, la sivyo hajifunzi. Kubaki peke yake nilimzoesha kidogo kidogo: natoka mlangoni, narudi kabla hajaanza kulia, kesho nakawia zaidi. Kamba nafunga kwenye mkanda wa kifuani, maana koo la vijibwa hivi ni laini na mkanda wa shingoni ukivutwa unaliumiza. Mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti na vitunguu, hapana kabisa.

Hayo ni yangu na Bobi. Wako anaweza kuhitaji njia nyingine, na sitaki mtu aniambie nilimdanganya. Ila chanjo ya kichaa cha mbwa haina mambo ya kila mtu na njia yake. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na kijibwa cha kukaa ndani kinauambukiza sawa na mbwa wa mtaani. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe uliye Nakuru unayetaka kumsafirisha wako, anzia kwenye chipu. Mwambie daktari aisome kwa mashine mbele yako, namba zote 15 ziandikwe kwenye kadi, ndipo akubaliwe kufungua chupa ya chanjo.