Waya Mzima kwa Nje, Umepasuka kwa Ndani

Ndugu zangu, tuanze na hesabu. Kwenye ITER, mtambo wa majaribio ya nishati ya muungano wa viini vya atomi unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, zimo sumaku ambazo kebo yake itabeba ampea 68,000 katika uga sumaku unaofikia tesla 11.8. Zidisheni: kila mita ya kebo itasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 80. Na mzigo huo unabebwa na nyaya 900 za niobi-bati, mchanganyiko wa metali za niobi na bati ambao ukipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani; kila waya una unene wa milimita 0.82.

Niobi-bati ikishachomwa haipindiki tena. Inakatika kama kigae. Ndiyo maana koili huviringishwa kwanza, kisha ikaingizwa tanurini kwenye nyuzijoto 650. Halafu inapozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na hapo chuma cha pua kilichoizunguka kebo husinyaa kuliko nyaya zilizomo. Umeme haujawashwa bado, lakini waya umeshabinywa na umeshapoteza sehemu ya uwezo wake wa kubeba umeme bila ukinzani.

Tunajuaje? Kipande cha waya hushikizwa juu ya springi nene, kikazamishwa kwenye heliamu ndani ya sumaku kubwa. Springi ikisokotwa upande mmoja waya unavutika, upande wa pili unabinyika. Umeme huongezwa polepole mpaka volti ndogo mno, mikrovolti 10 kwa mita, ijitokeze: ishara kwamba waya umefika kikomo cha uwezo wake. Kipimo ninachokithamini zaidi huja baadaye: springi inarudishwa pale ilipoanzia. Uwezo ukirudi wote, nyuzi nyembamba za niobi-bati zilizomo ndani ya waya ni nzima. Usiporudi, zimepasuka, ingawa kwa macho waya haujabadilika hata kidogo.

Jambo hili si la maabara tu. Sampuli za mwanzo za kebo ya sumaku ya katikati ya ITER zilijaribiwa Villigen, Uswisi. Kila umeme ulipowashwa na kuzimwa tena na tena, uwezo uliendelea kushuka. Nyaya zilikuwa zikipinda kwenye nafasi zilizobaki kati yao. Tiba haikuwa waya mpya. Kebo ilisukwa kwa msokoto mfupi zaidi ili nyaya zishikane na kuegemeana, na uwezo ukatulia. Nawasihi wanafunzi mlioko hapa msikimbilie kutafuta waya wenye ampea nyingi kabla ya kuuliza umeegemea nini. Hata msokoto mfupi una gharama yake: nyaya hukandamizwa zikisukwa, kwa hiyo ukaguzi lazima uanzie kwenye mashine ya kusukia.