Safari ya Fedha, Kutoka Kwenye Wimbo Hadi Kwa Mbwa

Ndugu Mwenyekiti, wanamuziki wenzangu, nanyi mnaoamka usiku wa manane kwenda kumwokota mbwa aliyegongwa barabarani,

Nimeombwa nieleze jinsi albamu iliyotungwa na kurekodiwa na wasanii wa eneo moja inavyoweza kuchangia gharama za kuokoa mbwa. Muziki wenyewe sitauzungumzia sana, kwa kuwa haujawahi kuwa tatizo. Palipo na makazi ya mbwa wasio na wenyewe, hapakosi mpiga gitaa aliye tayari kujitolea. Kinachotushinda ni njia ambayo fedha hupita tangu zinapotoka mfukoni mwa msikilizaji mpaka zinapogeuka kuwa sindano ya chanjo.

Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison, mpiga gitaa wa zamani wa bendi ya Beatles, na Ravi Shankar, mpiga sitar kutoka India, walifanya matamasha mawili siku hiyo hiyo mjini New York ili kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Viingilio vilileta zaidi ya dola 240,000, zikakabidhiwa UNICEF. Mapato ya santuri na filamu, ambayo ndiyo yaliyokuwa makubwa zaidi, yalizuiliwa kwa miaka na mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu waandaaji hawakuwa wameomba msamaha wa kodi kabla ya tamasha. Ikiwa waliokuwa na mameneja na wanasheria walikwama hapo, sisi wenye daftari moja na nia njema tunapaswa kuanza na karatasi, ndipo tuingie studio.

Kila wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na lahani, na ya rekodi yenyewe. Bendi ikiimba upya kibao cha zamani na kuitolea makazi ya mbwa rekodi hiyo, imetoa kilicho chake tu. Haki ya mtunzi iko pale pale, na mtunzi au warithi wake wanaweza kudai mrabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi yake. Hapo ndipo nyimbo mpya za wasanii wa karibu zinapotupunguzia kazi, maana mara nyingi aliyetunga ndiye anayeimba, yumo chumbani, na kalamu anayo. Karatasi anayotia saini haihitaji kuwa ndefu, ilimradi itaje wimbo, muda wa ruhusa, mahali utakapouzwa, kama kinachotolewa ni mapato yote au kinachobaki baada ya gharama, na fedha zitakwenda wapi endapo makazi hayo yatafungwa. Mpiga ngoma naye atie saini. Husahaulika kila mara, kisha miezi sita baadaye anauliza malipo yake, na mimi simlaumu hata kidogo.

Kuhusu mauzo nitasema kwa ufupi. Majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni hulipa sehemu ndogo ya senti kwa kila mara wimbo unapochezwa. Yatumieni kama tangazo, msiyategemee kulisha mtu wala mbwa. Kuuza moja kwa moja kuna nafuu: Bandcamp, tovuti ambako wasanii huwauzia wasikilizaji muziki wao wenyewe, kwa mfano, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, mbali na ada ya malipo. Nionavyo mimi, usiku mmoja wa uzinduzi wenye meza ya albamu karibu na mlango una faida kuliko mwaka mzima wa kusubiri wasikilizaji wasiotujua.

Sasa jalada. Picha ya mtoto wa mbwa mwenye macho ya huruma huuza, lakini jalada liseme pia kazi ya fedha, hata kama kazi hiyo haina mvuto. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na wengi hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, mara mbili kwa mwaka. Tukiokoa watoto bila kuwafunga kizazi majike na kuwahasi madume, tunakinga maji kwa pakacha. Chanjo nayo haimfaidi mbwa peke yake, kwani takriban asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kinachompata binadamu hutokana na mbwa, na inakubalika kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata maambukizi.

Nipenyeze jambo moja kwa wahandisi wa sauti. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walieleza kwamba mbwa wa makazini walitulia zaidi waliposikilizishwa rege na roki laini, kwa kupima mapigo ya moyo. Basi msianze wimbo kwa mlio wa mbwa anayebweka, kwa maana albamu hii itapigwa pia mabandani.

Hesabu zisainiwe na watu wawili, mmoja wa makazi na mmoja wa wanamuziki, kisha zisomwe jukwaani usiku huo huo kabla ya wimbo wa mwisho, watu wakiwa bado wamekaa. Nakala za karatasi ya makubaliano ziko mezani hapo nyuma, na wapiga ngoma ndio watakaoanza kuzichukua.