Ulimwengu umepinda au umenyooka? (mhadhara, Moshi)

Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo. Leo naomba mnifuate kwenye pembetatu tu, maana ukiielewa hiyo umeelewa watu walivyopima umbo la ulimwengu wakiwa humu humu ndani.

Shule tulikariri pembe za pembetatu jumla nyuzi 180, si ndio? Sasa anzia Ncha ya Kaskazini, shuka moja kwa moja mpaka Nanyuki hapo Kenya ikweta inapopita, kata kulia fuata ikweta mpaka Macapá kule Brazili, kata kulia tena panda urudi nchani. Nanyuki 90, Macapá 90, na kule juu karibu 90 nyingine, jumla inakaribia 270! Hujapanda roketi lakini ushajua unatembea juu ya kitu kilichopinda.

Einstein mwaka 1915 alionyesha kwamba maada na nishati zinapinda nafasi yenyewe, sasa kupima ulimwengu mzima unataka pembetatu kubwa kwelikweli, na ipo. Kuna mwanga mkongwe kuliko wote tunaoupata, ulianza safari miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, una madoa ya joto na baridi yaliyoachwa na mawimbi ya sauti yaliyopita kwenye gesi moto ya wakati ule, na kwa kuwa tunajua mawimbi yale yalikwenda umbali gani basi tunajua na ukubwa wa doa, kazi inabaki kupima pembe tu: doa ni upande mmoja wa pembetatu, na miale miwili ya mwanga toka kingo zake mpaka kwetu ndiyo pande nyingine. Nafasi ikijikunja kama mpira doa linaonekana kubwa, ikipinda kinyume kama tandiko la farasi linakuwa dogo, ikinyooka linatoka kama nyuzi 1, yaani upana wa mwezi mara 2.

Mwishoni mwa 1998 jamaa wa BOOMERanG wakarusha puto lenye darubini juu ya Antaktika, zaidi ya kilomita 35 kwenda juu, wakapima madoa yale, na 2000 wakatoa majibu: nyuzi 1, yaani nafasi imenyooka. Setelaiti ya Planck ikaja kupima mwanga ule ule kwa usahihi zaidi, mpindo ni sifuri na nafasi ya kukosea ni kama 0.2% hivi. Na ili iwe hivyo, ukisambaza kila kitu kilichopo unapata uzito wa atomu kama 5 za haidrojeni kwa mita moja ya ujazo, tano jamani, mimi hapo huwa nashangaa kila mara.

Kijana pale nyuma kauliza, umenyooka ina maana hauna mwisho? Hapana, unaweza kunyooka na bado ukajirudia, ukitoka kulia unatokea kushoto. Ukijirudia karibu, tungeona duara pacha, yaani duara mbili zenye madoa yale yale sehemu mbili tofauti za anga; wamezisaka kwenye ramani za Planck, hawajaziona, kwa hiyo kama unajirudia basi ni mbali kuliko mwanga ulivyoweza kutufikia.