Mwisho wa Mvua Dodoma: Vipepeo, Wageni wa Angani na Kwelea Kwelea

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Tuna nusu saa kabla jua halijapanda vya kutosha, kwa hiyo nianze na kosa linalotupotezea mengi sisi tunaohesabu vipepeo na ndege: kutumia kalenda ya pwani. Tanga na Bagamoyo wana vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja tu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Anayesubiri Mei, pwani ikiwa bado inanyeshewa, ndipo aje kutafuta vipepeo Hombolo au Bahi, atakuta nyasi zimeanza kukauka na upepo umeshika kazi. Huku wiki zenye mali ni za mwisho wa Machi na nusu ya kwanza ya Aprili. Viwavi wameshiba majani ya mvua, ndege wageni wa Ulaya na Asia hawajaondoka wote, na mtama unakaza punje.

Kipepeo hutegemea jua limpashe joto. Ukipita saa 1 asubuhi utasema porini hamna kitu, kumbe wamelala kwenye nyasi. Anzeni saa 3 na nusu, malizeni saa 7. Chagueni njia ya kilomita 1, igaweni vipande vya mita 200, tembeeni polepole, na mhesabu wale tu walio ndani ya mita 2 na nusu kulia, kiasi hicho hicho kushoto, na mita 5 mbele. Aliyetokea nyuma mwacheni. Hapo ndipo daftari nyingi zinapoharibika: kipepeo mweupe mmoja anamzunguka mtu mara tatu, anaandikwa watatu. Majani yakitikisika si neno. Matawi makubwa yakiyumba, ahirisheni.

Madimbwi yanayokauka barabarani yana hesabu yake. Mtakuta weupe na wa njano wamekusanyika, mirija imezama topeni. Wanafuata chumvi, hasa sodiamu, na wengi wao ni madume. Andikeni "dimbwi" pembeni ya namba, msiijumlishe na ya njiani. Na mkiona weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, wanapita wote upande mmoja kama waliotumwa, acheni kutembea. Simameni, wekeni alama mbili zilizoachana mita 10, hesabuni wanaokatisha katikati kwa dakika 5, na mwandike wanaelekea wapi. Bila mwelekeo namba hiyo haina kazi.

Sasa huyu wa rangi ya chungwa, ambaye nadhani nusu ya kumbukumbu zake zimekosewa. Danaus chrysippus hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Kiwavi hula sumu ya mmea ikabaki mwilini, hata kipepeo mzima ndege akimdonoa humtema. Jike la aina nyingine kabisa, Hypolimnas misippus, limevaa sare ileile bila kuwa na sumu. Msiangalie ncha za mabawa, kwa sababu aina zote mbili zina walio na ncha nyeusi na wasio nayo. Angalieni bawa la nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu katikati ya bawa, dume lake manne. Mwigaji ana doa moja tu, tena ukingoni kwa juu, ambalo bawa la mbele likishuka kidogo hulifunika. Subirini atandaze mabawa kabisa. Dume la mwigaji halisumbui mtu: jeusi, lenye madoa makubwa meupe.

Kuna na mtego wa majira. Precis octavia wa mvua ni mwekundu wa chungwa, wa kiangazi ni wa buluu iliyokolea, na mwisho wa mvua wanaweza kuonekana wote wawili. Ni aina moja. Andikeni jina moja, na rangi pembeni.

Ndege wanataka saa 12 na nusu hadi saa 3. Simama kituo kimoja, tulia dakika 2, hesabu dakika 10, kisha sogea mita 200. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya sasa hukusanyika kwenda kaskazini. Keremkerem mara nyingi husikika juu kabla hajaonekana. Ndege mwingine, yule wa buluu mwenye mgongo wa kahawia anayekaa kwenye nyaya, ni mgeni kama kifua chake ni buluu kitupu. Kikiwa na zambarau, na mkia una manyoya mawili marefu pembeni, huyo ni mwenyeji.

Na kwelea kwelea. Mkulima anayeamia ndege kutoka alfajiri hahitaji kuelezwa, lakini hesabu zake zinahitaji utaratibu. Hesabu 10 kwa kweli, jaza macho ukubwa wa hao 10, kisha kata kundi kwa mafungu ya 100. Kundi likiwa kubwa jicho hupunguza, kwa hiyo wawili wahesabu bila kuambiana. Mdomo ndio unaoeleza hali: jike linalozaliana lina mdomo wa njano, nje ya msimu huwa mwekundu. Midomo ya njano ikiwa mingi, koloni la viota liko jirani, tafuteni kwenye miti ya miiba. Ndege mmoja hukadiriwa kula gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la 100,000 ni tani 1. Palipopulizwa dawa msiokote mizoga kwa kitoweo; sumu hiyo huua hata mwewe anayeila. Mitego ya vikapu ya Kondoa, inayonasa kwelea kwelea bila sumu, kwa maoni yangu ingestahili kupewa nafasi kubwa zaidi.

Kwenye daftari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, wingu, upepo, na siku ngapi tangu mvua ya mwisho. Njia isiyo na kipepeo nayo iandikwe: 0. Mwenye darubini ya 8x42 abaki mbele pamoja nami. Saa 3 na nusu inakaribia, na dimbwi la kwanza liko nyuma ya ule mbuyu.