Hesabu leseni kabla ya kununua prosesa

ZAWADI: Karibuni tena kipindini. Leo ni mashine za simulesheni, yaani kompyuta za kuigiza kazi za kihandisi kwa hesabu. Kaka Hamisi, mtu ameona prosesa ya viini 64, yaani sehemu 64 zinazokokotoa kwa pamoja, ameshaipenda. Anunue?

HAMISI: Asitoe pesa kwanza. Aangalie leseni yake inaruhusu viini vingapi. Chukua Ansys, programu ya simulesheni: leseni ya kawaida ya kukokotoa inafungua viini 4. HPC Pack moja, yaani pakiti ya leseni ya kuongeza viini, inaongeza 8, jumla 12. Mbili zinaongeza 32, jumla 36. Mwenye pakiti moja akinunua viini 64, basi 52 amevilipia na hataviona vikifanya kazi.

ZAWADI: Na hivyo 12 vyenyewe vinaweza kwenda polepole, maana prosesa ya viini vingi kwa kawaida huwa na kasi ndogo kwa kila kiini.

HAMISI: Linganisha prosesa mbili za seva za AMD: EPYC 9554 yenye viini 64, kasi ya msingi 3.1 GHz, na 9174F yenye viini 16 lakini 4.1 GHz. Zote zina chaneli 12 za kumbukumbu, yaani njia 12 za data kati ya RAM na prosesa. Kwa leseni ya viini 12, mimi nachukua 9174F bila kusita.

ZAWADI: Hapo kwenye chaneli ndipo wengi wanapoumia, hasa watu wa mtiririko wa hewa na maji. Programu zao zinasubiri data kutoka kwenye RAM kuliko zinavyosubiri prosesa. Chaneli moja ya RAM aina ya DDR5-4800 inapitisha GB 38.4 kwa sekunde. Zote 12 ni 460.8. Sasa fundi anataka GB 384, anachomeka stiki 4 za GB 96. Ujazo umetimia, lakini chaneli 8 ziko tupu, kasi imeshuka hadi 153.6. Angeweka stiki 12 za GB 32 angepata ujazo uleule na kasi mara tatu.

HAMISI: Tena kwa kawaida mashine haitoi onyo lolote. Kazi inachelewa tu, na lawama anabebeshwa aliyetengeneza meshi, ule wavu unaogawa modeli vipande vidogo.

ZAWADI: Na Abaqus, programu nyingine ya simulesheni, je? Wao leseni yao huhesabiwa kwa tokeni.

HAMISI: Hesabu yake haipandi sambamba na viini. Kiini 1 ni tokeni 5, viini 4 ni 8, viini 8 ni 12, viini 16 ni 16. Kwa hiyo ukiwa na tokeni 16, unaendesha kazi moja ya viini 16, au mbili za viini 4. Mbili za viini 8 zinadai 24, hazipiti. GPU moja, yaani kadi ya michoro inayosaidia kukokotoa, inahesabiwa kama kiini kimoja, na viini 17 bado ni tokeni 16. Ukishafika 16, GPU ya kwanza haikugharimu tokeni.

ZAWADI: Ila isiwe kadi ya michezo ya kompyuta. Hesabu hizi zinahitaji usahihi wa biti 64, yaani namba zenye tarakimu nyingi, na kadi za GeForce RTX za sasa zinaufanya kwa sehemu 1 tu ya 64 ya kasi yao ya biti 32.

HAMISI: Kabla ya kuagiza chochote, chukua modeli yako halisi, iendeshe kwa viini 4, kisha 8, kisha 12, uandike muda. Ikiwa 8 hadi 12 inakupunguzia dakika chache tu, mara nyingi tatizo ni kasi ya kumbukumbu, na pakiti ya pili ya leseni haitakusaidia sana.

ZAWADI: Na kama seva yenu ya leseni ni FlexNet, programu inayogawa leseni kwa watumiaji, andika amri lmstat -a uone nani ameshika nini. Pengine leseni zipo, zimefungiwa kwenye dirisha ambalo mtu ameliacha wazi tangu jana.