Usinunue Usichoweza Kukipima: Mhadhara wa Fundi wa Delko, Lubumbashi

Wazee wangu, mama zangu, wadogo zangu wa garaji, jambo.

Walioniita wameandika kwenye karatasi kwamba nitaeleza wapi mtapata piesi nzuri za kuwashia gari la zamani. Najua mnachongoja: jina la duka. Sitalitaja. Duka lililoniuzia kitu safi mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu liliniuzia takataka, boksi lile lile, muuzaji yule yule. Walionisikia zamani wanivumilie, narudia: kabla ya kutafuta piesi, tafuta cha kuipimia.

Nianze na ile Peugeot 404. Nawaona mnaocheka kule nyuma. Ndiyo, ile ile.

Baba mmoja wa hapa mjini, mtaa wa Kampemba, aliileta ikivutwa kwa kamba. Asubuhi inawaka kama gari la harusi. Ikishapata joto inakohoa, inapiga mabomu kwenye egzosi, inazima. Iache ipoe, inawaka tena. Alikuwa amepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alifungua karburateri. Wa pili akafungua karburateri. Wa tatu alifungua nini, semeni wenyewe.

Mimi nilifungua kifuniko cha delko, kile chombo kinachogawa umeme wa kuwashia injini. Platini, vile vyuma viwili vinavyofunga na kufungua umeme, zilikuwa na wiki mbili tu, na tayari upande mmoja umeota kilima, upande wa pili umechimbika shimo. Wadogo zangu, hiyo ni barua, na fundi lazima ajue kuisoma. Inasema kondansateri haifanyi kazi yake. Kazi yake ni kuumeza umeme pale platini zinapofunguka. Ikishindwa, cheche inaruka hapo hapo kati ya platini badala ya kwenda kwenye buji, plagi inayowasha petroli, na kila ikiruka inachota chuma huku inakibandika kule.

Nikaipima kwa multimetri, kifaa cha kupimia umeme. Baridi ilinipa mikrofaradi 0.22, namba nzuri kabisa, na fundi mwenye haraka angeirudisha garini. Nikaisogeza karibu na mbabula, jiko la makaa, si juu ya moto, pembeni, mpaka ikapata joto la injini. Nikapima tena: namba zikaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya lutuku.

Na ilikuwa mpya! Boksi linang'aa, jina kubwa, hata kile kikaratasi cha kumetameta kinachosema mimi ni orijino. Nikaenda nyuma ya garaji kwenye mzoga wa 504, ule ambao kuku wa jirani wanatagia ndani, nikang'oa kondansateri yake. Baridi, namba imetulia. Moto, imetulia. Nikaifunga, platini nikazibadilisha, baba akaenda Likasi, kilomita 120 hivi, akarudi siku ile ile kwa moto wake mwenyewe.

Kuna anayesema moyoni, "Mzee anasifu vyuma vya kuokota." Sikiliza. Piesi iliyofanya kazi miaka 30 imekwisha kufanya mtihani wake. Ile ya boksi haijaingia hata darasani. Mzoga wa gari usiuuze kwa wanunuzi wa vyuma kabla hujaufungua delko.

Na hili neno delko tunalitamka kila siku, mnajua limetoka wapi? Ni herufi za kampuni ya Dayton, kule Ohio, Marekani, Dayton Engineering Laboratories Company, ya Charles Kettering na mwenzake, iliyoanza 1909. Mji wetu wenyewe ni wa 1910. Kwa hiyo kijana anayeniambia delko ni mambo ya kizee, anaishi ndani ya mji ulio mdogo kuliko delko kwa mwaka mmoja.

Vifaa sasa. Kwanza kale, vile visahani vyembamba vya chuma. Kale za kupimia mambo ya kale, haya, chekeni. Kwa gari nyingi za Kifaransa za silinda nne, na hata Vokswageni, platini zifunguke milimita 0.40. Lakini kale inadanganya ikikuta kilima: inapima kilele, shimo hailioni. Ndiyo maana nataka muwe na saa ya kupima pembe ya kufunga, yaani platini zinakaa zimefungwa kwa digrii ngapi. Peugeot inataka kama digrii 57. Multimetri nyingine zina kipimo hicho. Angalia kabla ya kulipa.

Pili, balbu. Msinunue kwanza lampe ya strobo, ile taa ya kumweka ya kupimia wakati wa cheche. Balbu ya volti 12, waya mbili, kwisha. Waya mmoja ufunge kwenye bobini, koili inayokuza umeme, pale panapotoka waya wa kwenda delko. Wa pili kwenye masi, yaani chuma cha mwili wa gari. Fungua kontakti, umeme upite, bila kuwasha injini. Zungusha puli kwa spana, polepole, upande wake wa kawaida, mpaka alama zikutane. Legeza delko, izungushe kufuata mwendo wa kidole, kile kinachozunguka ndani ya delko, mpaka balbu izime, kisha irudishe kinyume, taratibu, taratibu, kama unatafuta stesheni ya redio. Inapowaka tu, simama. Hapo platini zimefunguka, hapo ndipo cheche inaruka. Kaza. Kifaa hicho hakuna atakayekughushia, umekitengeneza mwenyewe.

"Weka moduli ya elektroniki badala ya platini, umalize kelele." Ninalisikia kila mwaka. Sina ugomvi nayo, gari yangu moja inayo. Lakini moduli nayo inaghushiwa, na ikifa porini upande wa Fungurume haikohoi kwanza kukuonya, inanyamaza. Huwezi kuipiga msasa. Aliyefunga moduli aweke platini na kondansateri yake ya zamani chini ya kiti.

Mwenye saa ananionyesha vidole, basi haraka. Kidole cha delko: vipya vingine plastiki yake ina kaboni nyingi, umeme unapenya kwenye ribiti mpaka kwenye mhimili, gari linakataa na kila kitu kinaonekana kizima. Bobini: pima omu. Ya 3 na ya 1.5 si ndugu. Hiyo ya 1.5 inataka rezista yake nje, ya kupunguza umeme, ukiifunga peke yake utaunguza platini. Buji: nenda dukani na ya zamani mkononi, linganisha kaure na nyuzi za kufungia. Piesi za Lucas za Land Rover, tafuteni upande wa Zambia, waliendesha gari za Waingereza kuliko sisi. Na ukimwagiza ndugu wa Brussels, usimwambie "piesi ya 404", atakuletea ya delko nyingine. Soma namba kwenye mwili wa delko, piga picha, tuma. Strobo nilitaka kuieleza, itabaki.

Mbabula iko nje, makaa yameshika, multimetri ninayo. Mwenye kondansateri mpya mfukoni aje tuipashe moto. Wewe wa Vokswageni uanze, ile delko yako ya 009 nimeiona ulipokuwa unaegesha, na boksi lake nimelijua.