Korosho Moja kwa Pindo Zima: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuchora kwa Kompyuta

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliobeba kompyuta mgongoni kwenye daladala na jua lote hili.

Mama yangu uliyekaa pale mbele, naomba ruhusa yako. Kanga uliyojitanda ndiyo nitakayofundishia leo. Ukiinyoosha kidogo hivi wenzetu wataiona. Ahsante sana, mama.

Haya, tuitazame. Pindo limezunguka pande zote nne. Katikati ni mji. Chini ya mji kuna jina: "Japo sipati tamaa sikati." Sasa angalieni korosho zilizopangwa kwenye pindo. Nimehesabu upande mmoja mrefu tu, nimepata 24. Zote zina kiuno kilekile, ncha ileile imepinda upande uleule, na vitone vitano ndani. Aliyebuni kanga hii hakukaa akachora korosho 24 upande huu, kisha 24 upande wa pili. Alichora moja, akaitunza vizuri, na hiyo moja ikazaa pindo zima. Mkilielewa jambo hilo mmeshaingia mlangoni, maana programu za kuchorea zimejengwa juu ya akili hiyohiyo: kila kitu kikae mahali pake, ili ukibadilisha kimoja usiharibu kingine.

Kabla ya kufungua programu yoyote, tujue kwanza picha ndani ya kompyuta ni kitu gani. Mwaka 1957 huko Marekani, mhandisi Russell Kirsch na wenzake walichukua picha ya mwanawe, kichanga wa miezi 3, wakaipitisha kwenye mashine waliyoiunda, mashine ikaigawa katika vijiraba. Vilikuwa 176 kwenda upande na 176 kwenda chini. Jumla ni 30,976. Kila kijiraba kilikuwa ama cheusi ama cheupe, na uso wa mtoto ukaonekana. Hivyo vijiraba ndivyo tunavyoviita pikseli. Simu iliyomo mfukoni mwako inafanya kazi ileile, ila vijiraba vyake ni mamilioni na vina rangi. Ni kama mkeka wa ukili: ukiusogelea unaona vipande, ukirudi nyuma unaona nakshi.

Mkeka una idadi ya vipande vyake, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Nilipoanza kazi kwenye kibanda cha steshenari, mteja alileta picha ya binti yake kwa ajili ya bango la send-off. Bango lilikuwa la upana wa mita 2. Picha ilikuwa imeshatumwa WhatsApp mara kadhaa, na ilipofika kwangu ilikuwa na pikseli 720 kwa upana. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Mimi sikupiga hesabu, nikaivuta ikajaa bango, nikaipeleka ikachapwe. Pigeni hesabu nyinyi sasa: milimita 2,000 gawanya kwa 720. Kila pikseli ilitoka na upana wa karibu milimita 3, sawa na punje ya mtama. Binti yule aliingia ukumbini na nyuma yake uso wake mwenyewe ulikuwa miraba miraba. Mama yake hakunigombeza. Alinyamaza tu, na mpaka leo ukimya ule ninao. Ndiyo maana nawaomba: mteja akileta picha, jambo la kwanza ni kuangalia ina pikseli ngapi. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri, kwa pikseli 300 kila inchi, inahitaji 2,480 kwa 3,508. Na mwambieni mteja aitume WhatsApp kama dokumenti, asiitume kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na pikseli zinapungua.

Kuna aina ya pili ya picha, na hii ndiyo ya korosho yetu. Haina mkeka. Kompyuta inahifadhi maelezo: anzia hapa, pinda kuelekea kule, funga, paka rangi ya damu ya mzee. Inaitwa vekta. Kwa kuwa ni maelezo, unaweza kuyatumia kuchora korosho ya sentimita 1 au korosho ya kufunika ukuta wa ghorofa, na ukingo utabaki uleule, safi. Faili la SVG, yaani aina ya faili la kuhifadhia vekta, ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia utayasoma maelezo hayo kwa macho yako, mstari kwa mstari. Kwa hiyo nembo, mabango ya maandishi, nakshi za vitambaa na mapambo ya fulana vyote tunavifanya kwa vekta. Picha za watu na michoro ya brashi tunaifanya kwa pikseli. Ukikosea hapo mwanzo, utahangaika mpaka mwisho.

Tuchore korosho basi. Nimefungua Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Nabonyeza B, naipata kalamu. Nabofya pale kwenye ncha, kisha nabofya pale tumboni, lakini hapa siachii kitufe cha kipanya: nakivuta. Mmeona kimetokea kijimstari chenye vishikio viwili? Vishikio hivyo ndivyo vinavyopinda mstari. Hesabu yake ilienezwa na Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault, Ufaransa, miaka ya 1960, alipokuwa akitafuta namna ya kuieleza mikunjo ya bodi ya gari. Leo tunapinda korosho kwa hesabu ya bodi la gari.

Naweka nukta ya tatu mgongoni, narudi kwenye ncha, nafunga. Basi. Nukta tatu. Wanaoanza huweka nukta 20 wakidhani ndiyo usahihi, na mstari wao unatoka na vinundu kama kamba iliyofungwa mafundo. Nukta ziwe chache, vishikio ndivyo vifanye kazi. Nabonyeza N sasa, nashika kishikio kimoja, nakisogeza taratibu. Tazameni kiuno cha korosho kinavyoingia ndani. Mkono utachukua wiki mbili tatu kukizoea kitu hiki. Msikate tamaa siku ya kwanza, kila fundi mnayemwona amepita hapo.

Sasa uzazi wa pindo. Nikibonyeza Ctrl na D napata nakala huru, haina habari tena na mama yake. Nikibonyeza Alt na D napata pacha. Napanga pacha 23 kwenye mstari. Halafu namrudia mama, nambadilisha rangi kutoka nyekundu kuwa bluu ya bahari. Mmeona? Wote 23 wamegeuka bluu papo hapo. Nasogeza kitone kimoja tumboni mwa mama, kinasogea kwa wote. Mteja akija jioni akasema, "Korosho zinene kidogo," unanenepesha moja na unakwenda kulala.

Jina la kanga nalo nitaliandika kama maandishi, na nitaliacha hivyo muda wote wa kazi ili niweze kusahihisha herufi. Siku ya kulipeleka kiwandani nitatengeneza nakala ya faili, na kwenye hiyo nakala nitageuza maandishi yawe mchoro kwa Shift, Ctrl na C. Sababu ni kwamba kompyuta ya mchapaji huenda haina fonti yako, yaani mtindo wa herufi uliotumia, nayo itaweka nyingine yoyote. Faili la asili halichezewi, linabaki na maandishi yake.

Tuhamie kwenye tabaka. Mafundi wengi mjini wanasema leya, na mimi nitasema leya. Ukitaka kuielewa leya, nenda Morogoro Stores, Oysterbay, ukasimame nyuma ya mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za baiskeli. Alifariki mwaka 1972 lakini mkono wake umeendelea kwa wanafunzi. Tazama wanavyofanya: rangi ya nyuma kwanza, inaachwa ikauke. Juu yake umbo la chui, nalo linaachwa likauke. Mwisho madoa, moja moja. Hizo ni leya tatu. Tofauti ni kwamba kwenye hadibodi, ukitaka kubadilisha anga baada ya madoa, imekula kwako. Kwenye kompyuta unaingia leya ya chini, unabadilisha anga, na chui hajui kama kuna mtu amepita nyuma yake.

Hata Photoshop, programu maarufu ya kulipia ya kurekebisha picha, iliyotoka mwaka 1990, haikuwa na leya mwanzoni. Zilikuja kwenye toleo la 3 mwaka 1994. Kwa hiyo jitengenezeeni tabia leo: kitu kipya, leya mpya, na kila leya ipewe jina. Faili lenye leya 30 zisizo na majina ni kama ghala la mizigo isiyoandikwa. Na mkihifadhi kazi, hifadhini kwa faili la programu yenyewe, XCF kwa GIMP, programu ya kurekebisha picha, na KRA kwa Krita, programu ya kuchora kwa brashi. JPEG, aina ya faili la picha la kawaida, inazigandamanisha leya zote kuwa moja, na kila ukiifungua na kuihifadhi upya inapoteza kidogo. JPEG ni ya kumtumia mteja. Haifai kuwa ya kufanyia kazi.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo ninalolijali kuliko yote ya leo, nalo ni nyuso zetu.

Bibi harusi amevaa shela jeupe. Kamera inapima mwanga wa eneo zima, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga. Shela linatoka vizuri, uso wa bibi harusi unatoka giza. Fundi anaichukua picha, anaongeza mwanga kwa picha nzima mpaka uso uonekane. Sasa shela limekuwa karatasi, nakshi zake zimepotea, na uso umepauka ukawa wa kijivu. Halafu anasema, "Nimemng'arisha."

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilipima rangi zake kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, na mtu aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke mweupe. Yeye akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu haikuwemo kwenye kipimo. Leo kipimo kipo mkononi mwako, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu.

Fanyeni hivi. Kwenye GIMP fungueni picha, nakilini leya ya asili, mfanye kazi kwenye nakala. Kwenye menyu ya rangi kuna zana inaitwa Curves. Mtaona mstari wa mshazari: kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Shika mstari karibu na robo ya kwanza kutoka kushoto, uinue kidogo sana, upana wa kucha. Upande wa kulia uache ulipo. Uso unafunguka, na weupe wa shela haujaguswa sana. Kisha weka maski kwenye leya hiyo, yaani kifuniko cha kuchagua wapi ionekane na wapi ifichwe, na kwa brashi laini ya rangi nyeusi futa pale pasipohitaji mwanga. Angalia shavu. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri ina wekundu na udhahabu ndani yake, na ina mng'ao kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Ukiona kijivu, umezidisha, rudi nyuma. Na mteja akikuomba umbadilishe rangi awe mweupe, mwonyeshe kwanza picha yake ilivyo baada ya kazi hii. Wengi wakijiona vile hawaombi tena.

Dada pale nyuma ameuliza anunue nini. Usinunue chochote mwezi wa kwanza. GIMP, Inkscape na Krita ni za bure, na leseni zake zinakuruhusu kumpa mwenzako kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Hizo kopi zilizovunjwa za programu za kulipia zinazouzwa mitaani mziache, zinakuja na virusi na siku ya kazi ya watu ndiyo zinapogoma. Kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 inatosha kabisa. Kwa vekta kipanya kinatosha. Ukitaka kuchora kwa mkono kwenye Krita, baadaye utafute tableti ndogo ya kuchorea yenye kalamu, maana kalamu inasikia uzito wa mkono na mstari unanenepa unapobonyeza.

Na kaka wa fulana aliuliza kwa nini bluu yake inafifia ikichapwa. Kioo kinachanganya mwanga, mchapaji anachanganya wino. Kioo kinaweza kutoa rangi 16,777,216. Wino hauzifikii zote, na bluu na kijani kali ndizo huanguka kwanza. Kabla ya fulana 100, chapa moja.

Haya, fungueni kompyuta. Kila mtu achore korosho yake moja, kwa nukta tatu. Mama atatuachia kanga pale kwenye kiti tuitazame. Nitapita kwa kila meza, nikianzia huku mwisho.